Vifaranga wa Shimo la Tata Kazadi

Ninyi mnaokuja kuniuliza habari za kuku, mnakuja na yai mkono mmoja na simu mkono wa pili. "Mama Ngalula, hii iko na mutoto ndani ao hapana?" Nawaambia mtafute giza kwanza. Mnacheka, mnadhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Lakini yai halisomeki kwenye mwanga. Unaingia mahali peusi, unalishika kwa vidole viwili, unaliwekea taa upande ule mnene, na ndani kunawaka kama nyumba yenye watu. Enzi zetu tulipigilia mablanketi madirishani, na bado jua la Kolwezi lilipenya. Giza zuri kabisa nililipata mara moja tu, nalo lilikuwa chini ya sakafu, kwa jirani. Ngoja niwaeleze mwenyewe, maana watu wanaisimulia vibaya. Wengine wanasema kuku walichimbwa.

Nilifanya kazi ya kuangua vifaranga kwa Tata Ilunga, hapa Kasulo, mpaka magoti yalipokataa. Mashine yake tuliiita kuvezi, kama kila mtu. Ilikuwa kabati la mbao lenye balbu za kutia joto, trei za mayai, na chini sufuria pana ya maji ili hewa isikauke. Tata Ilunga alikuwa amestaafu kazi ya reli kule Lubudi, lakini reli haikumtoka. Mayai aliyaita abiria. Trei aliziita mabehewa. Aliyeingia chumbani asubuhi bila kuiambia mashine bonjour alirudishwa mlangoni aanze upya. Nimelisalimia kabati kwa miaka mingi. Siku nilizosahau sikuona tofauti yoyote, ila sikumwambia.

Kazi aliijua. Shida yake ni kwamba hata pale asipojua, sauti yake ilikuwa ileile. Kuna wakati aliamua mayai yote yawekwe ncha juu, kwa sababu hivyo yalisimama vizuri, kama watu wanaongoja treni. Kumbe kifaranga anatakiwa kuelekeza kichwa upande mnene, maana huko ndiko kuna nafasi ya hewa, na huko ndiko atakakovuta pumzi yake ya kwanza. Sisi tulikuwa tumewapindua. Tulipovunja maganda tukawakuta wengi wamekamilika, manyoya na kucha, vichwa vimeelekea kwenye ncha, wamekufa. Tata Ilunga alivua kofia, akawatazama kwa muda mrefu, akasema, "Walipanda gari mubaya." Tangu siku hiyo ncha ikawa chini.

Siku aliponiajiri alinivunjia yai moja kwenye sahani nyeupe. "Angalia," akasema. "Ganda haiko ukuta. Iko na matundu madogo-madogo, mutoto anapumulia humo. Ukiliosha na sabuni, umemuziba pua." Akabandua kwa ukucha ule utando mwembamba ulio chini ya ganda. Akanionyesha kwamba ziko tando mbili zilizoshikana, na upande mnene zinaachana ili kuacha chumba cha hewa. Halafu akanionyesha nyuzi mbili za ute mzito zilizosokotwa, moja huku, moja kule, zinazokishikilia kiini katikati kama kamba za machela kisije kikagonga ganda. Mwisho akanionyesha kidoa cheupe juu ya kiini, kidogo kuliko kichwa cha kiberiti. "Mutoto anaanzia hapa. Hii ya njano haiko mutoto. Ni bukari, ugali yake ya safari." Somo lilipokwisha alilikaanga, tukala nusu kwa nusu.

Sasa, Kasulo mnaijua. Watu walikuwa wanachimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Jirani yetu Tata Kazadi alianzia sebuleni kwake, na kwa kuwa mtaro wa chini unafuata madini haufuati ua, siku moja akawa yuko chini yetu. Tulijua. Tuliwasikia chini ya nyayo zetu, na kila walipopasha chakula tulisikia harufu ya samaki wao wakavu. Kelele zikizidi, Tata Ilunga alikuwa anagonga sakafu kwa fimbo, wao wanajibu kwa kugonga sururu mara moja, na amani inarudi.

Asubuhi moja nilifungua mlango wa chumba cha kuvezi, nikasema bonjour, na hapakuwa na wa kumwambia.

Katikati ya chumba palikuwa na shimo la mraba, kama limekatwa kwa kisu. Nililala kifudifudi nikatambaa mpaka ukingoni. Chini, kama urefu wa watu wawili, kuvezi ilikuwa imesimama wima juu ya kipande cha sakafu yetu, balbu zinawaka, waya umeinyookea kutoka ukutani kama mtu aliyeshikwa mkono. Kando yake wachimbaji walikuwa wanakula.

"Bonjour, Mama Ngalula," Tata Kazadi akasema, akiangalia juu. "Kitu yenu ilishuka."

"Iliumiza mutu?"

"Hapana. Sisi tulikuwa huku ku pembeni. Yenyewe ilikuja polepole, sawa mukubwa anashuka mu motokari."

"Na mayai?"

"Ya mayai mi sijui. Mi najua hii tu, inafunga njia yangu."

Tata Ilunga alifika, akachungulia, akasema kwamba treni imetoka njiani lakini haijapinduka. Alisema hivyo kwa utulivu. Mayai ya awamu mbili zilizotangulia yalikuwa yamekufa kwa kukosa umeme. Alikuwa ameshaniambia kwamba awamu hii ikifa, anafunga kazi, na mimi nirudi kuuza ndizi barabarani. Kuivuta mashine kwa kamba haikuwezekana. Ukingo wa shimo ulikuwa unamomonyoka kila ukigusa, na mayai yalikuwa nusu ya safari. Wakati huo mishipa ya damu imeshaenea ndani kote, na ukiyayumbisha sana inakatika. Tata Kazadi naye alisema jioni atalivunjavunja kabati alitoe vipande vipande, kwa sababu watu wake hawawezi kupita.

Nikasema nitashuka mimi niyatunze hukohuko.

Hakuna aliyenikasirikia. "Mama, we unajua," Tata Kazadi akasema. "Mwanamuke akiingia mu shimo, madini inakimbia."

"Inakimbia inaenda wapi?"

Akafikiri. "Kwa jirani."

Nikamwambia jirani ni sisi. Hilo halikumsaidia. Tata Ilunga mwenyewe hakuweza kushuka. Alijaribu mlango wa shimo sebuleni kwa Tata Kazadi, akakwama kiunoni, ikabidi wamvute. Kwa hiyo nililala ukingoni tena, nikamwomba Tata Kazadi jambo moja tu kabla ya kuvunja: kijana wake mmoja achukue yai, aliwekee taa, aniambie anachoona.

Kijana huyo aliitwa Kalenga. Mabega mapana, maneno machache, na taa yake ya kichwani imefungwa kwenye paji la uso kama wachimbaji wote. Akachukua yai, akalibandika kwenye taa yake. Akakaa hivyo.

"Unaona nini?"

"Mi siwezi kuona, Mama. Iko ku kichwa yangu."

Ikabidi Tata Kazadi, mwenye shimo, mtu wa kuheshimiwa, asimame wima yai limebandikwa kwenye paji lake la uso, na Kalenga alitazame kwa karibu kama anayemtafuta chawa. Wakazima taa nyingine. Giza la huko lilikuwa giza kamili.

"Mi niko naona mizizi," Kalenga akasema.

"Rangi gani?"

"Nyekundu. Midogo-midogo. Yote inatoka ku kitu moja nyeusi."

"Ile nyeusi ni jicho."

"Jicho ya nani?"

"Ya kifaranga."

Kalenga akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani, "Iko inacheza."

"Wacha nione," Tata Kazadi akasema. Wakabadilishana. Yai likaenda kwenye paji la Kalenga, na mwenye shimo akatazama. Alitazama mpaka nikaogopa joto la taa litalidhuru, nikamwambia alirudishe. Alipolirudisha akaniuliza zimebaki siku ngapi. Nikamwambia kumi na moja. Akasema madini ilikaa pale tangu Mungu aumbe dunia, itangoja.

Ndiyo nikaanza kufundisha kazi ya mayai kwa kulala kifudifudi na kupiga kelele shimoni. Msicheke. Mwalimu asiyeweza kugusa kitu hujifunza kusema sawasawa. Mara ya kwanza nilipomwambia Kalenga ageuze mayai, aliyageuza. Nilipomuuliza kwa namna gani, akasema, "Kichwa chini, sawa ulisema." Alikuwa ameyasimamisha yote kwa ncha juu, sawa na Tata Ilunga enzi zake, na Tata Ilunga aliyekuwa nyuma yangu akasema eti kijana ana akili. Ikabidi nianze upya. Unaliinamisha upande wa kushoto, baadaye upande wa kulia, polepole, kama unavyomgeuza mgonjwa ili mgongo usishikane na mkeka. Maana ndicho kinachotokea: yai likikaa upande mmoja, mtoto anaganda kwenye utando na hatoki tena.

Hewa ilinitia wasiwasi. Kifaranga anavyokua anapumua zaidi, na shimo si mahali pa hewa. Lakini wachimbaji walikuwa na mashine ya kupuliza, na mpira mrefu wa plastiki unaoshusha hewa mpaka wanapofanyia kazi. Nikaomba mpira utobolewe kitundu karibu na kuvezi. Tata Kazadi akauliza, "Yao ama yetu?" Nikasema wagawane. Wakagawana. Nilisikia mmoja akilalamika kwamba mayai yanavuta hewa kumshinda yeye.

Majirani wakaanza kuja dirishani. Mtu anapita kwenda sokoni, anauliza, "Leo biko namna gani?" Na mimi napeleka swali chini, na jibu linapanda. Leo biko na miguu. Leo biko na manyoya, sawa ukungu. Leo biko bikubwa, taa haipite tena, ile chumba ya hewa tu njo inaangaza. Hiyo ilikuwa sahihi kabisa: karibu na mwisho yai huwa jeusi isipokuwa nafasi ya hewa, na nafasi hiyo huwa imepanuka kwa sababu maji ya yai yamepungua. Kalenga aliyaona yote hayo kabla sijamwambia. Akawa anaweza kumtofautisha anayelala na aliyekufa. Alikataa jambo moja tu. Nilimwambia ayatoe yale yaliyokufa, yale yenye duara la damu ndani bila mishipa. Akatoa yote, akabakiza moja. Alisema pengine limechelewa tu.

Siku ya tatu baada ya hapo, lile alilobakiza lilipasuka. Nilisikia mlio mkubwa chini, kisha wachimbaji wote wakatoka sebuleni kwa Tata Kazadi wakikimbia, mikono puani, wakisema shimo limetoa gesi. Mtaa mzima ukakimbia nao. Niliwaeleza kwamba ni yai bovu, na kwamba gesi hiyo haiui. Tata Kazadi alisema angependa iwe inaua. Walikaa nje nusu siku. Aliyerudi kwanza ni Kalenga, kitambaa usoni, na alirudi kwa sababu muda wa kugeuza ulikuwa umefika.

Zikabaki siku tatu. Hapo, vijana, kazi inakuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu hakuna kazi. Hugeuzi tena. Unaongeza maji kwenye sufuria ili utando usikauke ukawa kama ngozi ya ngoma, unafunga mlango, unaondoa mikono. Nilimwambia Kalenga hivyo.

"Sasa tutafanya nini?"

"Hakuna."

"Ata kuchungulia?"

"Ata kuchungulia."

Sikuwaza kwamba watasikia.

Kifaranga kabla ya kutoka anatoboa kwanza ule utando wa ndani kwa mdomo, anaingia kwenye chumba cha hewa, anavuta pumzi, na anaanza kulia akiwa bado ndani ya ganda. Halafu anagonga. Juu ya mdomo ana kijino kigumu, kazi yake ni hiyo tu, baadaye kinaanguka. Anagonga, anapasua kidogo, halafu anapumzika. Anapumzika muda mrefu sana. Sisi tulikuwa tumezoea. Lakini wale walikuwa wachimbaji, na shimoni kuna sheria ambayo sikuwa nimeifikiria: ukisikia mtu anagonga nyuma ya ukuta wa udongo, unachimba. Huulizi ni nani, huulizi kama zamu yako imekwisha. Kalenga mwenyewe aliwahi kutolewa hivyo. Udongo ulimfunika na wenzake wakafuata mlio wa jiwe alilokuwa anagonganisha na jiwe jingine.

"Mama," akaniita. "Biko binagonga."

"Vizuri. Viache."

"Biko binalia."

"Ndiyo. Viache."

Halafu sauti ya Tata Kazadi. "Mama Ngalula, moja ilinyamaza."

"Inapumzika."

"Ulijua aje?"

Nikawaeleza. Saa ile kifaranga anakivuta kiini kilichobaki kiingie tumboni mwake, ndiyo akiba yake ya siku mbili za kwanza, na mishipa kwenye utando bado ina damu. Ukimvunjia ganda kabla hajamaliza, unamkata mishipa, anatoka damu anafia mkononi mwako, na wewe ndiye uliyemuua kwa huruma. Nilisema polepole ili wasikie. Kalenga akajibu kwamba amesikia. Halafu nikasikia bawaba ya mlango wa kuvezi.

Sikufikiri. Nilivuka ua, nikaingia sebuleni kwa Tata Kazadi, nikashuka kwa vile vishimo vya miguu walivyochimba ukutani, kitenge nimekikunja mpaka magotini. Nilikuwa na umri wa kuwa na wajukuu. Nilipofika chini wote waligeuka, taa zote zikanipiga usoni. Hakuna aliyesema neno juu ya mwanamke wala madini. Kalenga alikuwa ameshika yai lenye ufa, kidole gumba kiko juu ya ufa, na machozi yanamtoka bila yeye kuyafuta.

"Nipe," nikamwambia. Akanipa. Nikalirudisha, nikafunga mlango, nikakaa chini nikaegemeza mgongo kwenye mlango huo.

"Mama, inatuita," Kalenga akasema.

"Haituite. Inafanya kazi."

Tulikaa. Sikuwa nimewahi kuyasikia mayai kutokea mahali pa kimya namna ile. Huku juu kuna pikipiki, kuna redio, kuna watoto. Kule chini kulikuwa na udongo tu na ile milio midogo ya kugonga nyuma ya mgongo wangu, mingi sasa, kila mmoja na mwendo wake. Tata Kazadi alikuwa amekalia mikono yake miwili. Nilidhani ni baridi, halafu nikaelewa kwamba anaizuia isifungue mlango. Mwingine aliziba masikio akaanza kuimba wimbo wa kanisa, na mwenzake akamwambia anyamaze, wasije wakashindwa kusikia. Kila mlio ulipokatika waliniangalia mimi, kama mke wa mgonjwa anavyomwangalia daktari, na mimi nilikaza uso. Sasa naweza kuwaambia kwamba hata mimi sikujua. Kuna wanaopumzika na kuna wanaokufa, na kutoka nje ukimya wao ni mmoja.

Walipoanza kutoka walitoka kwa pamoja. Nilifungua mlango nikamwambia Kalenga aje. Akainama, taa yake ikaingia ndani, na vile vichwa vilivyolowa vikageukia mwanga huo vyote. Yule wa ufa alikuwa amejizungusha akakata ganda kama mfuniko wa kopo, anausukuma kwa miguu. Walikuwa wengi. Sikuwa nimeona awamu iliyofaulu namna ile chumbani kwetu, pamoja na blanketi na bonjour zetu zote.

Ugomvi ulianza siku iliyofuata, walipopandishwa juu kwenye maboksi. Hapa kila kinachotoka shimoni ni cha mwenye shimo, na Tata Kazadi akasema hilo halina ubishi. Tata Ilunga akasema abiria hawabadilishi mmiliki kwa kupita kwenye handaki. Wakaenda kwa shefu wa kartie, kiongozi wa mtaa wetu, mtu mwenye subira. Akasikiliza wote, akauliza kama ni kweli walishuka mayai wakapanda kuku. Wakasema ni kweli. Basi, akasema, Ilunga alishusha mayai, arudishiwe mayai. Mayai hayapo tena, yamebaki maganda. Kwa hiyo maganda ni ya Ilunga.

Tata Ilunga aliniangalia. Halafu akavua kofia.

Kilichotokea baada ya hapo hakuna aliyekipanga. Maboksi yalifunguliwa uani kwa shefu ili wahesabiwe. Kalenga alikuwa amesimama karibu na lango, ametoka kazini, taa bado inawaka kichwani mchana kweupe kwa sababu alisahau kuizima. Vifaranga wakatoka kwenye maboksi wakamfuata. Wote. Mnajua kwamba kifaranga humfuata yule aliyemwona kwanza, na hawa waliona taa. Alipokwenda kushoto walikwenda kushoto. Aliposimama walimlalia kwenye buti. Tata Kazadi aliwaita, Tata Ilunga aliwaita, shefu mwenyewe akajaribu. Kalenga akatazama chini kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi, akasema, "Mi sikuomba bitu."

Shefu akasema amechoka, na kwamba vifaranga wataenda wanakoenda.

Kalenga alikuwa anaishi kwenye chumba kimoja cha kupanga. Hakuwa na pa kuwaweka, na hakuweza kurudi kazini, kwa sababu walimfuata mpaka mdomoni mwa shimo, na watatu waliangukia ndani. Akawaleta kwetu, akavua taa, akaitundika juu ya boksi. Wakatulia chini yake. Asubuhi akaja kuwaangalia, na asubuhi nyingine tena. Tata Kazadi alimngoja wiki nzima, halafu akaja kuniambia kwamba madini imekonda tangu niliposhuka, na imekunja kona kuelekea kwetu, kama alivyosema. Alisema hivyo bila chuki. Alikuwa amebeba kofia yenye mayai ya kuku wa mke wake, akauliza kama kuna nafasi.

Kalenga hakurudi shimoni. Tulifanya kazi pamoja mpaka nilipostaafu, na leo yeye ndiye mwenye kuvezi, kwenye chumba chenye sakafu nzito. Mpelekeeni mayai yenu, hakuna anayeyasoma kama yeye. Ila msimtafute ndani siku ya kuangua. Mayai yakianza kugonga, anafunga mlango, anatoka, anavuka barabara, anasimama kwenye kibanda cha mahamri, mikono mfukoni, na anaongea na yeyote kwa sauti kubwa juu ya kitu chochote. Mke wake ndiye anayeingia kutazama. Vifaranga wakishatoka wote na kukauka, anampungia kitambaa kutoka mlangoni.